Kapsuli Tano za Mama Dozi

Wivu wa jirani kwa jirani watu wanaujua, na wa wake wenza umeimbwa mpaka umechoka. Lakini wivu wa mama kwa mwanawe wa kumzaa, tena wa pekee, tena kwa jambo ambalo mama mwenyewe alilitaka na kuliombea, huo mtu hausemi. Mama Dozi aliubeba miezi miwili mizima huku akitabasamu. Angemwambia nani? Angechekwa.

Duka la dawa alilofanyia kazi lilikuwa chumba kimoja: kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu, makabati matatu ya vioo, benchi la wateja, na pazia la bluu lililoficha chumba cha nyuma, penye meza, birika la umeme na maboksi matupu. Cheti kilichoning'inia ukutani kilikuwa cha mwenye duka, mzee aliyefika mara moja kwa mwezi, akakagua vumbi na kwenda zake. Mjuzi wa dawa, kwa macho ya mtaa, alikuwa Mama Dozi. Hakusomea. Aliingia humo kufagia, akaanza kupanga maboksi, akaishia kuuza, na kwa miaka kumi na tisa alizijua dawa kwa rangi, kwa boksi, hata kwa mlio wa kopo likitikiswa. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa kila aliyemuuzia alimwagiza, "Na umalize dozi!" Hapo ndipo pa kucheka, maana dozi kamili ndiyo kitu alichouza kwa nadra kuliko vyote.

Alichouza sana ni kipakiti chake. Ndani ya bahasha ndogo ya kaki alitia kapsuli tano za rangi mbili, vidonge viwili vya maumivu na kimoja cha mafua, akakunja mdomo wa bahasha mara mbili na kuupiga kwa kiganja. Ukikohoa, kipakiti. Ukiharisha, kipakiti. Jino likikuuma, kipakiti, ila hapo utaongezewa kidonge kimoja cha maumivu kwa huruma. Watu walitoka mitaa ya mbali kukifuata, na yeye alikifunga bila kutazama, mdomo ukiendelea na soga zake.

Kisha binti yake akarudi likizo ndefu. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, anasomea ufamasia, na alikuja na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Wiki ya kwanza Mama Dozi alivimba kwa fahari. Alimweka mbele ya kaunta na kumtambulisha kwa kila anayeingia, hata kwa aliyekuja kuomba chenji. "Ndiye huyu. Wa kwangu." Mambo yakaharibika wiki ya pili, siku alipokuja fundi cherehani.

Fundi huyu alikuwa mteja wa damu. Kila mafua yalipomtembelea, yeye alimtembelea Mama Dozi.

"Mama Dozi, nipe kile changu," alisema, akijifuta pua kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Binti akawahi. "Shikamoo, fundi. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mafua haya, na kifua kidogo."

Basi binti akamkalisha benchi, akamuuliza ana siku ngapi, kama ana homa, kama anapumua kwa shida, kama makohozi yana damu. Fundi alijibu yote kwa utulivu, kama mtu anayepimwa suti. Mwisho binti akamwambia, "Haya ni mafua ya kawaida, fundi. Yanaletwa na virusi, na hizi kapsuli ni antibiotiki, zinaua bakteria, si virusi. Ukizimeza bila sababu, bakteria ulio nao mwilini wanajifunza kuzikwepa. Siku ukiugua ugonjwa wake hasa, utazimeza na hazitakusaidia. Kunywa maji mengi, pumzika. Ukizidiwa au ukianza kupumua kwa shida, nenda hospitali."

"Kumbe!" fundi akasema. "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

Akaondoka mikono mitupu, anacheka, na mlangoni akageuka. "Mama Dozi, hongera. Umezaa!"

"Ahsante," alijibu Mama Dozi. Miaka kumi na tisa amempa mtu dawa, hajawahi kushukuriwa hivyo hata siku moja. Leo mtu kapewa maneno, tena maneno ya kumnyima, na anatoka kama aliyepewa zawadi. Na lile neno "hakuna aliyeniambia" lilimchoma, kwa sababu huyo "hakuna" alikuwa yeye.

Kuanzia siku ile habari ikatembea. Watu walianza kuingia na kupitisha macho juu ya kichwa cha Mama Dozi. "Binti yupo?" Mwanzoni aliwaita kwa adabu, "Yupo, karibu." Baadaye akawa anajibu, "Kalala," saa nne ya asubuhi, na binti yuko nyuma ya pazia anahesabu chupa. Alihamisha kiti kirefu cha kaunta ili binti akose pa kukaa. Alimwambia koti jeupe linavuta uchafu bure. Siku moja binti alipomweleza mama mmoja kwa nini mtoto wake amalize chupa nzima ya dawa hata akipata nafuu, Mama Dozi aliwasha redio. Alijua anafanya utoto. Alijua pia kwamba sikio halipiti kichwa, na kama sikio limepita, basi kichwa kiambiwe lini lilianza kukua.

Cha kumkera zaidi, binti hakuwa na kiburi. Angekuwa na kiburi, Mama Dozi angekuwa na la kushika. Lakini aliinuka asubuhi akafagia duka, akamchemshia mama yake maji, akamwita "mama yangu kipenzi," na kisha akawachukua wateja wote.

Sasa huyo binti alikuwa na kazi ya chuo. Alitakiwa kupima uelewa wa wanafunzi wenzake wa famasia kuhusu matumizi ya antibiotiki na usugu, yaani bakteria kufika mahali dawa haziwaui tena. Alikuwa amekusanya madodoso sitini yaliyokwisha kujazwa, kila moja lina maswali ishirini, bila jina la mtu, na yote aliyaweka katika bahasha kubwa juu ya meza ya chumba cha nyuma. Pembeni yalibaki madodoso kama kumi yasiyojazwa.

Mchana mmoja binti alitoka kwenda kununua wino. Duka lilikuwa tupu. Mama Dozi alipita nyuma ya pazia kutafuta kikombe, macho yakaangukia karatasi ya juu, akasoma swali la kwanza, la pili, la tatu. Akacheka kwa pua. Haya ndiyo maswali? Haya ndiyo watu wanakaa darasani miaka minne kuyajifunza? Yeye aliyashika mambo haya kwa mikono yake kabla hao wanafunzi hawajaota meno!

Akachukua dodoso moja tupu, akarudi nalo kaunta, akavuta kalamu. Shauri lake lilikuwa moja: alijaze, alichomeke katikati ya yale sitini, na binti akijumlisha alama akute kuna mmoja aliyewapiga wote. Halafu, siku atakayopenda mwenyewe, amwambie ni nani.

Penye mwaka wa masomo aliandika wa tatu. Je, antibiotiki hutibu mafua? Hapo alisita, akakumbuka fundi cherehani, na hasira ikamshika upya. Wangapi walikuja na mafua wakapona? Akatia tiki kwenye Ndiyo, kwa nguvu, karatasi ikakaribia kutoboka. Je, mgonjwa akipata nafuu anaweza kuacha dawa? Hapana, umalize dozi. Je, usugu ni mwili wa mtu kuizoea dawa? Ndiyo, si ndivyo binti alivyosema? Akaendelea mpaka la ishirini, ambalo halikuwa la tiki bali la kuandika: eleza tukio moja uliloliona ambapo antibiotiki ilifanya kazi.

Hapo Mama Dozi hakuhitaji kufikiri. Aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayeandika ubao wa tangazo, ili mwandiko wake usijulikane. Akabadilisha mwandiko, akasahau kubadilisha habari.

Siku mbili baadaye alikuja mwanafunzi aliyesoma na binti, kijana mrefu wa miwani ambaye darasa zima lilimwita Profesa, kusaidia kusahihisha. Walikaa nyuma ya pazia alasiri, binti akihesabu na kijana akisoma. Mama Dozi alijifanya anafuta makabati. Kabati la karibu na pazia lilifutwa mara nne.

"Hili la usugu wamelikosa wengi," binti alisema. "Ona, ishirini na wanane wameandika ni mwili unaozoea. Si mwili, ni bakteria! Watu wa mwaka wa tatu hawa."

Profesa akakohoa. "Hata mimi nilitia hiyo."

"Wewe!"

"Nilikuwa na haraka."

Mama Dozi aliposikia hivyo moyo ulimpoa kidogo. Kumbe na hao wasomi wanakosa. Akatoa chupa ya chai chini ya kaunta, akamimina vikombe viwili, akaweka kwenye sinia, apeleke na apate kuona kwa macho. Alifika kwenye pazia wakati Profesa anaibuka na karatasi mpya na kuanza kucheka kabla hajaisoma kwa sauti.

"Aisee, sikiliza huyu, kaandika kwa herufi za mtoto wa chekechea. 'Mtoto wa kike wa miaka minne alishikwa na homa na malengelenge mwili mzima. Mama yake alikuwa mfagiaji tu, hana mtu. Akachukua kapsuli tano za rangi mbili, akazifungua, akachanganya unga wake na maji ya sukari, akamnywesha mtoto kidogo kidogo siku mbili. Siku ya sita mtoto alikaa akaomba chakula. Wanaosema kapsuli tano hazitoshi hawajawahi kuuguza.'" Profesa alivua miwani ajifute machozi. "Tetekuwanga kwa kapsuli tano! Huyu siku akikabidhiwa duka la dawa, atamaliza mtaa mzima!"

Mama Dozi alirudi nyuma hatua moja, sinia mkononi.

"Lete hiyo," alisema binti.

"Subiri, kuna mstari wa mwisho. 'Mtoto huyo yuko hai mpaka leo na—'"

"Nimesema lete!"

Binti aliinyakua ile karatasi kutoka mkononi mwa mwenzake na kuusoma mstari wa mwisho kimya. Uliandikwa hivi: mtoto huyo yuko hai mpaka leo na ana akili kuwapita wote. Akaikunja karatasi. Akamwambia Profesa kwamba kichwa kinamuuma, waendelee kesho. Kijana alishangaa, akakusanya miwani yake na begi lake, akamuaga Mama Dozi pale kwenye pazia, akaenda zake bila kunywa chai.

Wakabaki wawili. Binti alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na lile kovu alikuwa amesimuliwa habari yake tangu hajui kuongea vizuri. Mtaa mzima uliijua. Baada ya mtoto wa mfagiaji kupona, majirani walikuja kuuliza alimpa nini; mwenye duka akasikia; na mwezi uliofuata mfagiaji akahamia nyuma ya kaunta. Kipakiti kilianzia pale. Kapsuli hazikuongezeka wala kupungua tangu siku ile, kwa sababu tano ndizo zilizomponya mtoto.

"Mama," binti alisema. "Ni wewe."

"Kwani hapo pameandikwa jina?"

"Mama."

Mama Dozi akaweka sinia mezani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kwa kuwa aibu ya mtu mzima haina pa kukaa, ikageuka hasira. "Haya, ni mimi. Nimekosea nini? Ulipona, hukupona?"

"Nilipona."

"Zile kapsuli zilikuponya, hazikukuponya?"

"Usiniulize hivyo, mama."

"Nakuuliza. Si wewe ndiye unayeuliza watu maswali mtaa mzima? Leo jibu wewe."

Binti alitazama chai. Mtu mwingine angedanganya, na pengine angekuwa mtoto mzuri zaidi. "Hazikuniponya," alisema polepole. "Tetekuwanga ni virusi. Ingeondoka yenyewe. Hata usingenipa kitu ningepona."

Mama Dozi alikaa juu ya boksi. Alikuwa amezoea wivu wa kuona mwingine anapewa. Huu wa kunyang'anywa kilichokwisha kuwa chake miaka kumi na tisa hakuwahi kuuonja. Lile koti jeupe, sawa. Wateja, sawa. Hata ile hongera ya "umezaa," sawa, maana kuzaa kweli alizaa. Lakini usiku na mchana wa siku zile sita, akizifungua kapsuli alizoziiba kwenye kabati alilokuwa akilifuta, hilo ndilo jambo moja kubwa alilowahi kulifanya duniani. Yote mengine yalisimama juu yake.

"Hata hilo nalo?" aliuliza. "Hata hilo nalo unaninyang'anya?"

Machozi yakamtoka binti. "Mama, ulinikalia siku sita. Ulinipa maji kwa kijiko, ulinifunga vidole nisijikune. Hiyo ndiyo iliyonisaidia. Hiyo ndiyo dawa."

"Kijiko kila mama anacho," alisema Mama Dozi. "Zile kapsuli nilikuwa nazo mimi peke yangu."

Huko mbele mtu akagonga kaunta kwa ufunguo. Alikuwa kinyozi wa duka la tatu, pua nyekundu, shingo amejifunga taulo la kazini. Mama Dozi alijipangusa uso kwa kanga na kutoka.

"Mama Dozi, nifungie kipakiti. Kichwa kizito, pua inachuruzika kama bomba bovu."

Mkono wake haukungoja. Ulikwisha vuta bahasha, ukafungua kopo, ukaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Hapo ukasimama. Alizitazama zile kapsuli tatu kiganjani, kisha akazimimina tena ndani ya kopo na kufunga kifuniko.

"Una siku ngapi?" aliuliza, na sauti ikamtoka nzito.

"Mbili."

"Homa? Unapumua vizuri?"

"Napumua, ila kwa mdomo," kinyozi alicheka. "Kwani leo kuna mtihani?"

"Ni mafua tu. Kapsuli hazitibu mafua. Kanywe maji, upumzike."

Kinyozi alimkazia macho. "Mama Dozi, unanitania. Mwaka jana mafua haya haya, ulinipa kipakiti, siku ya nne nikawa mzima."

Angeweza kusema dawa zimeisha. Angeweza kusema serikali imekataza, na kinyozi angeondoka akiilaumu serikali, na jina lake lingebaki salama. Mama Dozi alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Yangeondoka yenyewe," alisema. "Hata nisingekupa kitu."

Alilitoa neno lile kama mtu anayejing'oa jino mwenyewe, na baada ya kulitoa alihisi utupu wa pengo. Alingoja. Alidhani kwa neno zito namna hiyo mtu angeinamisha kichwa, au angesema kumbe, kama fundi cherehani.

"Nani kasema?" kinyozi akauliza.

"Binti yangu."

"Aaa!" Uso wa kinyozi ukakunjuka, akaketi kwenye benchi na kunyoosha miguu. "Si ungesema mapema? Basi niitie yeye, anieleze vizuri."

Kama kungekuwa na kitu cha kutupa, Mama Dozi angekitupa. Kisha akageuka, akavuta pazia. "Unaitwa," alisema, bila kumtazama usoni. Binti alijifuta macho, akavaa koti, akapita kando yake akinong'ona, "Nimekusikia, mama."

Hakukaa, wala chai hakuigusa. Alibaki wima nyuma ya pazia, wivu unamchoma vile vile, sikio limeelekea dukani, akilishika kila neno la binti lilivyo na lilivyofuatana na jingine, virusi wanaingilia wapi na bakteria wapi, akiyarudia kwa midomo bila sauti, ili atakayekuja baada ya kinyozi aelezwe na yeye mwenyewe mpaka mwisho, na asiwe na sababu ya kumwagiza aite mtu.